Kahawa ya Mbeta: Kumuaga Mzee Enoki Mwalongo wa Kantini ya Makambako

Jumanne, tarehe 30 Juni 1959, saa kumi na moja jioni, Mzee Enoki Mwalongo atatundika aproni yake kwenye msumari wa mlango wa jikoni kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Kampuni ya Magari ya Milimani kwa miaka ishirini na minane, miezi mitatu na siku ishirini na saba. Hesabu hiyo imefanywa na mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni Karani Mkuu wa kituo cha Makambako, na ameihakiki mara mbili. Wasifu wenyewe utasomwa Jumamosi tarehe 27, hapo hapo kantini, mbele ya madereva, utingo, mafundi na wageni wetu kutoka Njombe na Iringa. Wale wenye mazoea ya kukatiza maneno ya wenzao wanaombwa wajizuie, hasa wa idara ya matairi.

Mwandishi amepewa kazi hii kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyebaki kituoni wa zama za Mzee Enoki. Wengine wote wamestaafu, wamehamishwa au wametangulia mbele ya haki. Lakini asidanganye watu: kazi hii aliiomba. Lipo jambo la mwaka 1938 ambalo Mzee Enoki anastahili kuambiwa kabla hajapanda gari la kwenda kwao Kifanya, na anayepaswa kumwambia ni mwandishi. Amekuwa akiliahirisha kwa miaka ishirini na moja. Safari hii litasemwa humu humu, na kama msikilizaji akiona karatasi inakwisha na jambo halijasemwa, ana ruhusa ya kusimama na kuuliza.

Tuanze kwa utaratibu. Enoki Mwalongo alizaliwa Kifanya, mwaka ambao yeye mwenyewe huutaja kuwa ni ule wa nzige wa kwanza, na ofisi imeukadiria kuwa 1902. Alisoma miaka mitatu shule ya misheni. Akawapikia watengeneza barabara, akihama nao na masufuria yake kichwani, hadi barabara ikafika Makambako na yeye akafika nayo. Kampuni ilimwajiri tarehe 3 Machi 1931. Makambako ya wakati huo ilikuwa njia panda, upepo na mbwa wawili. Kantini ilikuwa kibanda cha nyasi chenye mafiga matatu, na mvua ikinyesha mpishi na wateja walilowa kwa usawa.

Kahawa aliyoikuta hapo haikustahili jina hilo. Ilichemshwa alfajiri, ikaachwa jikoni mchana kutwa, kila aliyekunywa akaongezewa maji na kila maji yakaongezewa unga. Kufika saa tisa ilikuwa nyeusi, chungu, na imekaza kinywa cha kila mtu. Fundi mmoja alisema inafaa kuongezewa kwenye betri. Ila ilikuwa ya moto, na kwa baridi ya huku hilo lilitosha kuwaridhisha wengi, mwandishi akiwemo.

Waliopata taabu ni madereva. Asiyejua na ajue kwamba kutoka hapa njia moja hupanda Njombe na kuendelea Songea, nyingine huenda Iringa, na ya tatu huteremkia Usangu kuelekea Mbeya. Ukishafika kule chini jua linakupiga usoni, vumbi linakujaa puani, barabara imenyooka, na usingizi unakuja bila kubisha hodi. Kila dereva alichukua kahawa kwenye chupa. Lakini kahawa iliyochemshwa ikipoa ndani ya chupa huwa chachu na huleta ladha ya majivu, na kabla ya Chimala wengi walikuwa wameshaimwaga dirishani.

Katika madereva hao alikuwepo Silvesta Mhagama, Mkatoliki wa upande wa Uwemba, mtu wa maskhara mengi na tumbo bovu. Kila akinywa kahawa ya moto alishikwa na kiungulia kilichomkunja juu ya usukani. Dresa wa zahanati alimkataza kahawa kabisa. Akaacha, na mara mbili kwa mwezi mmoja akajikuta amesinzia na gari limeingia majanini. Alikuwa na watoto watano. Alimwambia Enoki waziwazi kwamba amechoka kuchagua kati ya tumbo na uhai wake.

Enoki hakuwa na dawa. Kilichokuwepo ni kuni mbichi. Ilikuwa Februari 1937, mvua haikatiki, moto umegoma kuwaka, na gari la Silvesta lilikuwa liondoke mapema kesho yake. Enoki alikuwa ameshatwanga kahawa ya Mbozi, ambayo malori yetu huipitisha hapa kutoka kule, na kwa uchovu wa siku hiyo aliitwanga ovyo, chengachenga, si unga. Akaitia kwenye maji baridi ili ilainike, akisema asubuhi kuni zikikubali ataichemsha. Kuni hazikukubali. Silvesta alikuwa ameshawasha gari anapiga honi. Enoki akaichuja vile vile kwa kitambaa cha marekani, akamjazia chupa, akamwomba radhi.

Silvesta aliporudi siku ya tatu hakutaka kushuka garini kabla ya kusema. Alipiga kelele akiwa bado dirishani: “Enoki, ee! Kile ulichonipa ni kitu gani? Nimefika Mbeya macho yamenitoka, na tumbo limenyamaza!”

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Yapo masimulizi mengine kituoni, kwamba Enoki alifundishwa na Mgiriki, au kwamba aliota. Hayo si kweli.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na Mzee Enoki hakuwa na pupa. Alijaribu miezi minne. Aligundua kwamba kahawa ya kuloweka lazima itwangwe chenga kubwa, kwani unga mwembamba hupita kitambaani na kuacha tope. Aligundua kwamba kahawa lazima iwe nyingi kuliko ile ya kuchemsha, na kwamba ikilowekwa saa tisa mchana huwa tayari saa moja asubuhi, si kabla. Masufuria yote yalikuwa ya uji na maharage, kwa hiyo alitafuta chombo kirefu, chenye mdomo mwembamba, kinachotunza ubaridi na kisichoingiza vumbi. Akapata alichokipata, na chombo hicho ndicho kilichotuletea balaa. Tutafika huko.

Watu wengi wamemuuliza Mzee Enoki ipi ni bora, ya moto au ya baridi, wakitarajia atawaponda wanywaji wa moto. Hajawahi. Maelezo yake mwandishi ameyasikia mara nyingi kiasi cha kuyaandika bila kumuuliza. Anasema ya moto huamsha pua na ya baridi huamsha macho. Maji ya moto yana haraka, hutoa kila kitu kwenye kahawa, kizuri na kibaya, na ndiyo maana harufu yake hufika hadi gereji. Maji baridi hubembeleza. Huacha ule uchachu na ule uchungu wa mwisho ndani ya chenga, huchukua utamu na nguvu, kwa hiyo mtu hahitaji sukari nyingi na wenye matumbo ya Silvesta hupata nafuu. Ya moto ikipoa imekufa, ya baridi hukaa siku mbili na hata tatu bila kuharibika, na kwa baridi ya Makambako hata nne. Tena haina kuni. Lakini pia anaonya kwamba ulaini wake ni wa kudanganya, kwani mtu hunywa mabakuli matatu kana kwamba ni maji, kisha mikono ikaanza kutetemeka. Na mtu aliyelowa mvua asubuhi ya Juni hahitaji kubembelezwa na chochote cha baridi. Huyo apewe ya moto.

Mwandishi mwenyewe ni mtu wa moto. Kila mtu kituoni anajua. Kila siku saa nne kamili, Mzee Enoki huvuka uwanja na kikombe cha bati chenye mstari wa buluu, kinafuka mvuke, akakiweka juu ya meza ya karani, akasalimu “Kamwene, Bwana Karani,” na kuondoka. Vijana wamezoea kumtania mwandishi kwamba ndiye kafiri wa mwisho wa kahawa ya mbeta. Amewaacha wafikiri hivyo.

Sasa mbeta. Kwa wageni wasio wa huku, mbeta ni kipande cha mwanzi kinachofungwa kwenye mlanzi, yaani mwanzi mchanga uliokatwa ncha, ili majimaji yake yadondokee humo. Yakidondoka leo ni matamu, hata mtoto hunywa. Yakilala ni ulanzi, na ulanzi ni pombe. Msimu wake ni masika, na masika huku Ubena mtu akiona mbeta imejaa, imezibwa, imelazwa pembeni mpaka kesho, haulizi imebeba nini. Anajua. Na Enoki, katika Ubena nzima, na vyombo vyote alivyoviumba Mungu, alichagua kulowekea kahawa yake ndani ya mbeta! Alipewa sita na ndugu yake wa Kifanya, akazichemsha kuondoa harufu, na harufu haikuondoka yote.

Tarehe 11 Machi 1938 lori la Silvesta liliteleza kwenye udongo mwekundu karibu na mto, likalala ubavu. Hakufa mtu. Magunia kumi na mawili ya ngano yalilowa. Watu wakaanza kusema. Kesho yake mtu mmoja wa kituo hiki aliingia jikoni kutafuta kiberiti, akaona chini ya meza mbeta sita zimepangwa, zimezibwa kwa majani. Akainusa moja. Hakuonja, hakumngoja Enoki aliyekuwa kisimani, hakuuliza neno. Alirudi ofisini, akafunga mlango, akaandika kwa mkono wa kushoto barua kwa Meneja, Iringa. Barua ilisema kwamba mpishi wa Makambako anawapa madereva ulanzi kwa siri, ndiyo maana magari yanaanguka. Ilisema pia kwamba lisemwalo lipo. Haikuwa na jina, iliwekwa sahihi ya “Mpenda Haki”. Nakala ilipelekwa kwa wazee wa kanisa.

Hapa naacha kujiita mwandishi. Barua hiyo niliiandika mimi, Nahumu Mligo.

Basi, nimesema. Mnaotaka kuguna mgune, nitangoja.

Nitaeleza sababu, si kwa kujitetea. Baba yangu alikuwa mhunzi mzuri, na ulanzi ulimmaliza. Nilikuwa na miaka tisa nilipomkuta amelala mtaroni na mbeta kifuani, amekwisha kupoa. Tangu siku hiyo, nikiinusa ile harufu, akili yangu hukimbia kabla ya miguu. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini ipo ya pili, na hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Madereva walimpenda Enoki. Mtu akiwa na mgonjwa nyumbani, mtu akiwa na ugomvi, alikwenda jikoni, hakuja ofisini, na mimi ndiye niliyesoma mpaka darasa la nane. Nilipoziona zile mbeta nilihuzunika, na chini ya huzuni ile kulikuwa na kafuraha kadogo. Nimekaa nako miaka yote hii.

Enoki alisimamishwa kazi wiki tano. Silvesta alinyang'anywa leseni. Kanisani, Enoki na mkewe Dorika walizuiwa Meza ya Bwana mpaka shauri litakapoamuliwa, na watoto wao wakaimbiwa njiani nyimbo ambazo sitaziandika kwenye karatasi ya Kampuni.

Wiki ya pili Mama Dorika alikuja ofisini kwangu. Alikuwa ametembea kwenye mvua, na kichwani alikuwa na debe la viazi. Alisema hajui kuandika barua ya Kizungu wala ya kiofisi, na watu wote wamemwambia kwamba anayejua ni Bwana Karani, akaomba nimwandikie mume wake utetezi. Alisema, “Mimi sijui ulanzi, Bwana Karani, na yeye hajui. Hao wazee waje wainywe wenyewe. Wakilewa, tutahama.”

Niliandika. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika kitu chochote. Niliweka hoja ya Mama Dorika mwanzo mpaka mwisho, kwamba wazee waje wapime. Mama Dorika alipokwenda alinishukuru kwa mikono miwili, akaacha debe. Na viazi vile, ndugu zangu, nilivila.

Wazee wa kanisa walikubali. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Anyisile Kinyunyu, Mungu amrehemu, ambaye alisema hakuna haja ya kamati, kwa kuwa ulanzi aliufahamu sana kabla ya kubatizwa na ungemsalimia kwa jina. Basi Jumapili moja ya Aprili, kabla ya ibada, alikaa kantini mbele ya watu wote akamiminiwa kahawa ya mbeta. Akanywa bakuli moja, akalamba midomo, akasema haijajieleza bado. Akanywa la pili. Akanywa na la tatu, akasema sasa twende kanisani, kama ni pombe itajionyesha.

Lazima niwaeleze wageni kwamba Mzee Anyisile alijulikana kwa mema mengi na kosa moja. Katika miaka kumi na moja hakuna mahubiri aliyoyasikia mpaka mwisho. Mchungaji akifika neno “pili”, Mzee alikuwa ameshalaza kidevu kifuani, na watoto waliweka dau ni lini ataanza kukoroma. Jumapili hiyo Mchungaji alihubiri kwa saa nzima na robo. Mzee Anyisile alikaa wima. Macho yalikuwa yamemtoka. Aliimba beti zote za kila wimbo, akasimama kabla ya wengine, akakaa baada yao, na matangazo yalipokwisha akauliza kama hakuna mengine. Watu hawakumtazama Mchungaji hata kidogo, walimtazama yeye. Nje ya kanisa alitoa hukumu yake kwa sauti iliyofika barabarani: “Mimi nimelewa miaka ishirini. Pombe inalaza watu. Hii imeniamsha mpaka nimesikia dhambi zangu. Mrudisheni Enoki!”

Wiki iliyofuata Meneja alikuja kutoka Iringa, akafanya baraza, akaweka mezani barua ya lawama, barua ya utetezi na mbeta. Siku ya baraza mimi nilisema nina homa, nikabaki nyumbani. Kumbukumbu ziliandikwa na karani aliyekuja na Meneja. Enoki alirudishiwa kazi, Silvesta leseni yake, na Jumapili iliyofuata Enoki na Dorika walikwenda Meza ya Bwana wakiwa wa kwanza kwenye mstari. Nilikuwa nyuma yao watu watatu.

Yaliyofuata ni sifa tupu, nami nitayasema kwa ufupi kwa kuwa mnayajua. Kahawa ya mbeta ikawa kawaida ya kituo. Tangu hapo hadi leo hakuna dereva wa Makambako aliyeandikwa kwenye daftari la ajali kwa kosa la kusinzia katika njia ya Usangu. Kuni za kantini zilipungua kwa zaidi ya nusu. Silvesta aliendesha miaka kumi na saba zaidi, na Jumamosi atakuwepo, ana wajukuu na tumbo lile lile.

Mwaka 1947 Enoki alipelekwa kufungua kantini ya Njombe, na huko alishindwa, jambo ambalo husimulia mwenyewe akicheka. Alifika Juni na mbeta zake kumi na mbili. Asubuhi kulikuwa na sakitu nyeupe juu ya majani, abiria wa basi wanatoka wakipuliza vidole, na yeye akawamiminia kahawa ya baridi. Mama mmoja kutoka Iwawa alimuuliza amemkosea nini. Wiki nzima hakuuza. Wiki ya pili akafanya kitu ambacho mimi naona ndicho kinachoonyesha akili yake kuliko vyote: hakuacha kuloweka, wala hakurudia kuchemsha. Aliloweka kahawa ikawa nzito, akamimina kidogo kikombeni, akajaza maji ya moto juu yake. Abiria wakapata ya kukumbatia viganjani, na wenye kiungulia wakapata nafuu yao. Njombe wanainywa hivyo mpaka leo. Alirudi kwetu 1951, na siku hizi vijana wanabishana habari za uhuru juu ya meza zake, wakiwa macho kabisa, na yeye anafuta meza na kuwakumbusha kwamba hata ukifika uhuru vikombe vitaoshwa.

Nilidhani wasifu ungeishia hapa, pamoja na kosa langu. Lakini wiki mbili zilizopita nilifungua kabati la majalada kutafuta tarehe, nikalitoa jalada la 1938, ambalo sikuwahi kuthubutu kulifungua. Ndani ilikuwemo barua yangu, ambayo Meneja aliiacha hapa baada ya baraza. Nikaiangalia, na kwenye pembe ya chini nikaona alama ya duara, ya kahawia, ya kitako cha kikombe. Duara halikukamilika. Lilikuwa na pengo la upana wa kidole.

Wakati ule kikombe changu kilikuwa kimebonyea kitako. Kiliangukia ngazi ya ofisi mwaka 1936, na kila nilipokiweka juu ya karatasi kiliacha duara lenye pengo. Hakuna kikombe kingine kituoni kilichokuwa hivyo. Aliyekiosha kila siku alikuwa Enoki.

Nikageuza ukurasa, nikasoma kumbukumbu za baraza. Nanakili kama zilivyo: “Mshtakiwa aliomba kuiona barua. Aliishika kwa muda mrefu. Aliulizwa kama anaweza kuitambua kwa lolote. Alijibu kwamba hawezi. Aliomba aliyeiandika asitafutwe, kwani huenda mtu huyo aliumizwa na ulanzi utotoni, na mtu wa namna hiyo akiona mbeta hana kosa.”

Nilikaa chini sakafuni, kati ya majalada, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo miaka yote nililiona dogo. Siku aliyorudi kazini, saa nne kamili, Enoki alivuka uwanja na kikombe changu cha mstari wa buluu, kinafuka kama kawaida. Akakiweka mezani. Akasema, “Kamwene, Bwana Karani. Nimempelekea fundi wa rejeta, amekinyoosha kitako na kukitia risasi. Sasa kimekaa sawa.” Nilimwambia asante. Nilifikiri ni adabu tu ya kazi. Kumbe alikuwa ametoka kushika barua yangu mikononi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu mwingine atakayeliona lile pengo na kunijua.

Naomba pia niondoe uongo wa mwisho. Mimi si mtu wa moto. Kahawa ya mbeta sijui hata ladha yake, sijawahi kuionja, kwa sababu sikuwa na uso wa kuinywa. Na kwa ajili ya hilo Mzee Enoki, mwenye kantini isiyohitaji moto wa kahawa, amewasha jiko kila siku ya kazi aliyokuwa hapa katika miaka hii ishirini na moja, kwa kikombe kimoja tu. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Mzee Enoki, Kampuni inakushukuru kwa utumishi wako, na Meneja atayasema hayo kwa maneno bora kuliko yangu atakapokukabidhi saa. Madereva wanakushukuru kwa kila safari waliyofika. Mama Dorika, nakuomba radhi mbele ya watu hawa, kwa barua ile na kwa viazi. Nendeni Kifanya salama. Viazi vyenu visiguswe na sakitu, miti mliyopanda iwafikie paa, wajukuu wawasumbue kiasi cha kutosha, na siku zenu zilizobaki ziwe nyingi na tulivu. Hayo tunawaombea sisi wote.

Mzee, nikimaliza kusoma nitarudi kuketi mahali pangu. Kikombe changu kipo kaunta tangu asubuhi, kimeoshwa, hakina kitu. Leo usiwashe jiko kwa ajili yangu. Ukiona vema, nimiminie ya baridi.

Nahumu Mligo,
Karani Mkuu, Makambako